Kibali cha Fisi wa Kansay

Baba yangu, Mzee Inosenti, alimpa mchumba wangu sharti moja tu: amwondoe fisi. Fisi huyo alikuwa ametumalizia mbuzi kadhaa pale nyumbani Kansay, na baba aliapa kwamba posa haitapokelewa mpaka amwone mnyama yule amelala chini, miguu juu. "Si Mmasai huyo?" alisema. "Basi ni kazi ya asubuhi moja kwake."

Nilicheka mpaka mama akanikata jicho. Moloimet ni Mmasai wa Soitsambu, kweli kabisa, lakini kazi yake ni udereva wa watalii. Tangu nimjue, silaha pekee niliyomwona nayo ni spana. Mimi napokea wageni kwenye hoteli moja Karatu mjini, yeye anawaleta kutoka kreta wakiwa wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na tulipendana hivyo hivyo, tukipokezana mabegi ya watu. Nampenda vibaya sana. Akitokea getini nasahau hata kumwambia karibu mgeni anayelipa.

Jumatatu akaenda ofisi ya wanyamapori kuulizia kibali cha kuwinda, maana kuua mnyama wa porini hivi hivi ni jela, na mimi sikutaka harusi ya mahabusu. Alipotoka akanipigia simu. Alikuwa anacheka, na Moloimet akicheka kabla hata ya salamu ujue mambo yameharibika.

"Goodness, mkuki hauruhusiwi," akasema. "Wanataka bunduki, tena bunduki yenye leseni yake. Mtego hauruhusiwi. Kuwinda ukiwa ndani ya gari hairuhusiwi. Usiku ndiyo kabisa, hairuhusiwi."

"Na huyo fisi wetu anakuja saa ngapi?"

"Si usiku!"

Tukacheka wote wawili, yeye barabarani, mimi mapokezi, mbele ya Mjerumani aliyekuwa anasubiri ufunguo. Nikamuuliza habari ya ada. Akasema ada siyo moja: raia ana yake, mgeni anayeishi nchini ana yake, na wale wanaotoka nje kuja kuwinda wanalipa kwa dola, pesa ambayo ingetosha kununua mbuzi wa Kansay nzima.

"Halafu ofisa akaniuliza, wewe umetoka wilaya nyingine, fisi si wako, mbuzi si wako, huko Kansay wewe ni nani? Nikamwambia mimi ni mkwe. Akapekua makaratasi yake yote, akasema, mkwe hayumo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akashauri tuimarishe zizi."

Hapo kicheko kikaniishia. Namjua baba yangu. Akishatamka neno, hata paroko hambadilishi. Bila fisi hakuna posa, na bila posa hakuna Moloimet.

Jumamosi mchana tukaenda Kansay. Baba alitupokea barazani kwenye nyumba yake mpya, ya tofali na bati la bluu, sakafu ya vigae, nyumba ambayo ameihangaikia miaka na miaka. Moloimet akamweleza masharti yote, kwa heshima, kichwa kimeinama. Baba akasikiliza, kisha akajipiga paja.

"Makubwa! Mmasai anamwombea fisi ruhusa!"

"Nikifungwa, mzee, nani atamtunza Goodness?"

Baba akageuza uso kuangalia zizi. Moloimet akaenda kulizunguka zizi. Fito zilikuwa zimeoza, nyingine zimefungwa kwa chandarua kikuukuu. Akarudi akikunja mikono ya shati. "Mzee, nipe panga tu. Nikikata miiba nikazungushia kama tunavyofanya kwetu, fisi hapiti."

Baba akanuna. "Zizi la nyumba hii linajengwa na watu wa nyumba hii. Babu yangu hakumpa mgeni panga, baba yangu hakumpa. Mgeni akishajenga zizi lako, anajua na pa kutolea mbuzi."

"Basi nipokee, mzee, nisiwe mgeni."

"Lete fisi."

Jamani! Fisi haletwi bila kibali, zizi halijengwi na mgeni, na mgeni hawi mwenyeji bila fisi. Nikapandwa na hasira, nikasimama. "Baba, mbona wewe mwenyewe unasimulia kila Krismasi kwamba bibi alilaza mbuzi ndani ya nyumba na hakuliwa hata mmoja? Kama zizi limekushinda, walaze sebuleni!"

"Kwenye vigae?" baba akauliza, kama nimetukana.

Jua lilikuwa halijazama vizuri fisi alipolia kule korongoni. Siku hiyo aliwahi. Mbuzi wakaanza kugongana zizini, na baba, mzee wa watu, akaruka barazani na soksi moja. Akafungua zizi. Akafungua na mlango wa sebule. Kabla mama hajamaliza kusema "weee," mbuzi wote walikuwa ndani, na beberu amepanda kochi kubwa, lile lenye vitambaa vyeupe ambavyo mama yangu, Selestina, alivifuma kwa mkono wake.

Mama akaingia chumbani akajifungia. Lakini baba! Sijawahi kumwona baba yangu vile. Akaketi sakafuni katikati ya mbuzi, akacheka peke yake, akatuhadithia joto la nyumba ya bibi, na jinsi yeye mwenyewe utotoni alivyokuwa akilala kichwa juu ya tumbo la mbuzi. Moloimet alikuwa amepakata kitoto cha mbuzi akimsikiliza, na mimi nikajiambia kimoyomoyo, Mungu wangu, nipe huyu huyu.

Asubuhi mama akatoka. Akaangalia vigae. Akaangalia kochi, ambalo lilikuwa limebaki na kitambaa kimoja, na hicho kimoja beberu alikuwa anakimalizia.

"Inosenti," akasema.

Toka nizaliwe sijamsikia mama akimwita baba kwa jina.

"Zizi linajengwa leo."

"Mama Goodness, na nani? Wavulana wako wote wako Dar, na mgongo wangu unaujua."

"Na huyu."

"Huyu ni mgeni."

"Basi mtoe kwenye ugeni. Mimi silali tena na beberu."

"Asante, yeyo," Moloimet akasema taratibu. Kwao ndivyo wanavyomwita mama.

Baba akamtazama, akatazama mbuzi wake. Wote walikuwa wazima. Akasafisha koo.

"Yule ofisa alikuuliza wewe ni nani huku Kansay?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu mimi ni mkwe."

"Akasemaje?"

"Akasema mkwe hayumo."

Baba akainuka akishikilia kiuno, akaingia stoo, akarudi na panga lake. Akalishika upande wa bapa, akamwelekezea Moloimet mpini.

"Huku kwangu yumo," akasema. "Kata miiba, mwanangu."

Nikapiga kigelegele mpaka mbuzi wote wakatoka mbio kwa mlango mmoja, na mama nyuma yao na ufagio.