Mstari wa Tisa wa Historia ya Gregori

Jumanne ya wiki ya pili ya Oktoba, 1998, saa kumi na moja na robo jioni, Benadetha aliingia bafuni kusugua beseni la kuogea kabla wageni wa msiba hawajafika, akamkuta samoni. Alikuwa samaki mkubwa, urefu wa mkono mzima, amelalia ubavu kwenye maji kidogo, na mdomoni amenasa ndoana ya manyoya iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Uzi huo ulichomolewa kwenye pindo la kitenge cha Benadetha mwenyewe, na aliyeuchomoa bila kuomba alikuwa mumewe, Gregori. Benadetha akaongeza maji, akafunga mlango, akaenda kuinjika chai.

Namna samaki wa mito ya Alaska, kaskazini kabisa, alivyofika mpaka Temple Hills haikumsumbua. Jengo lile lote lilijaa watu waliotoka mbali kuliko huko, na wengi hawakupenda kuulizwa njia waliyopitia.

Kilichomkaa rohoni ni mstari mmoja wa maandishi. Gregori alikuwa mwongozaji wa wavuvi. Kila Mei kampuni moja ya Herndon ilimpeleka kaskazini, na hadi Septemba kazi yake ilikuwa kuwasimamisha matajiri mtoni na kuwaonyesha mahali samoni wanapopumzika: Juni wale wakubwa, Julai wale wekundu, Agosti wale wa fedha. Wakati wa baridi alikaa mezani kwake akifunga manyoya kwenye ndoana. Agosti hii mto ulimchukua, na mwili haukuonekana. Kampuni ikaandika barua kwamba marehemu alikuwa amelewa, kwamba ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kwamba alianguka mwenyewe. Amelewa, mtu aliyekataa lubisi, pombe ya ndizi, kwenye harusi yake mwenyewe huko Kanyigo mpaka baba mkwe akanuna wiki nzima.

Sasa Kalisti, katibu wa kamati ya msiba, ana ugonjwa wa kupenda karatasi zenye mhuri. Aliifaksi barua ile nyumbani Kanyigo kabla ya kumuuliza mjane hata neno moja. Huko ndugu wa Gregori wakaiingiza kwenye historia ya marehemu, mstari wa tisa, pale panapotajwa chanzo cha kifo, na padri akaisoma mbele ya waumini wote. Benadetha akaapa kwamba Temple Hills tanga halitaanuliwa mpaka mstari ule ubadilishwe. Ndiyo maana magodoro yalikuwa bado yametandikwa sebuleni mwezi wa tatu ukiingia, na watu waliokuja kumpa pole walikuwa wameanza kuitoa kwa kununa.

Kila jioni aliingia samoni mwingine, naye akiwa na ndoana yake ya uzi mwekundu. Jumatano ya wiki iliyofuata aliingia wa tisa, na nyuma yake Gregori. Alikaa ukingoni mwa beseni, ovaroli lake la mpira limejaa maji mpaka kifuani.

"Umechelewa," Benadetha alimwambia.

"Njia ndefu, Mama Anitha."

Akampa taulo. "Haya, niambie. Ilikuwaje?"

"Kulikuwa na mteja, mwanasheria. Nilimwambia asivuke lile jiwe jeusi, akavuka. Nikaingia kumtoa. Yeye alitoka."

"Ulikuwa kazini?"

"Saa mbili asubuhi, Jumatano. Mapumziko yangu Jumapili, unajua."

"Ulikunywa?"

Gregori alimrudishia taulo, na Benadetha akaona aibu kwa kuuliza. Binti yao Anitha aliingia kuchukua mswaki, akamsalimu baba yake kwa Kiingereza, akamwomba asogeze miguu. Benadetha aliandika kila neno nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Kesho yake Fredy, mdogo wake Gregori, aliwapeleka wote wawili Herndon, kwenye kampuni, kwa teksi yake. Alitandika nailoni kwenye kiti cha nyuma, maana siti zilikuwa mpya. "Shemeji, usi-sign chochote," alisema kila walipokwama kwenye foleni, na walikwama mara nyingi.

Bwana Pruitt, mwenye kampuni, aliwapokea chini ya samoni aliyekaushwa ukutani. Alitazama maji yanayochuruzika kwenye zulia, akasogeza viatu vyake.

"Nimekuja na mwenyewe," Benadetha alisema. "Atakueleza alivyokufa. Wewe utaandika barua nyingine."

Gregori alieleza. Alitaja jiwe, saa na jina la mwanasheria. Bwana Pruitt alisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya mtu anayengoja simu yake ilie.

"Kama amekufa, hawezi kutoa ushahidi," alisema. "Kama hajafa, basi hakuna ajali iliyotokea. Nichague lipi?"

"Chagua lililo kweli."

"Mteja yule anarudi mwakani na marafiki watano," alisema Bwana Pruitt. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ratiba ya msimu ujao, akamsogezea Gregori. "Kwa vile bado uko mtoni, utawachukua wewe. Mwezi wa Mei, kama kawaida."

Gregori aliipokea kwa mikono miwili.

"Unaichukua?" Benadetha alimuuliza.

"Mto naujua mimi, Mama Anitha. Wakienda peke yao watakufa."

Kwa dakika nzima Benadetha alimchukia mumewe kuliko alivyomchukia Pruitt. Kisha chuki ikarudi mahali pake, nao wakarudi Temple Hills.

Kamati haikungoja tena. Jumamosi mchana tanga lilianuliwa, mjane apende asipende. Gregori alikaa karibu na mlango, beseni la plastiki chini ya miguu yake, sahani ya pilau magotini. Benadetha alimpa Kalisti ile bahasha. Kalisti aliigeuza huku na huku, akairudisha.

"Haina mhuri, dada. Na nyumbani wameshasoma. Mtu mmoja hawezi kuwa na historia mbili."

"Mwenyewe si huyo hapo? Muulize."

"Pole sana, marehemu," Kalisti alimwambia Gregori kwa heshima, akasimama, akasoma historia yote. Kwenye mstari wa tisa hakupunguza sauti. Benadetha alisimama na kusema, "Huo ni uongo," na kabla hajafika neno la pili akina mama walianzisha wimbo, kama wafanyavyo mjane anapozidiwa. Waliuimba vizuri, beti zote. Ulipokwisha, vijana walikuwa wameshaanza kukunja magodoro.

Mwezi wa Mei kilikuja kipeperushi cha kampuni. Gregori alikuwa amepigwa picha maji yakimfika kiunoni, na chini yake imeandikwa kwamba mwongozaji huyu haondoki mtoni. Fredy alisema picha imetoka vizuri. Agosti, kwenye misa ya kumbukumbu huko Kanyigo, padri alisoma historia ileile, mistari yote.

Oktoba samoni walirudi. Benadetha aliwatoa ndoana mmoja mmoja, akakaa ukingoni mwa beseni, akawasomea ile bahasha, kila neno, la saa mbili asubuhi na la jiwe jeusi. Hakuna aliyemkatiza kwa wimbo.