Koti la Wagombea Wote

Vita vyetu viliisha kabla mtungi wa gesi nyumbani haujaisha. Vilipoanza, watu walikuwa wanalalamikia maji ya bomba na hospitali isiyo na madaktari, na mkuu wa jimbo alikuwa anaelekea kuanguka vibaya kwenye uchaguzi. Vilipoisha, hakuna aliyekumbuka maji. Mkuu wa jimbo, aliyekuwa amejificha muda wote kwenye chumba cha chini cha benki, alitoka akipunga mkono kama bwana harusi. Ng'ambo ya mto nako, kwa hao tuliopigana nao, mambo yalikuwa yaleyale: meya aliyefungua daraja ili tufanye biashara aling'olewa, akawekwa kanali. Kwetu, vyama vilivyokuwa vikitukanana hadharani vikawa vinaimba wimbo mmoja: watu wa ng'ambo warudi kwao.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nafanya kazi kwenye studio ya picha na mabango. Bosi wetu tulimwita Flashi kwa jinsi alivyokuwa akipepesa macho. Kabla moshi wa vita haujatawanyika, Flashi alikuwa ameshashonesha koti la kijeshi. Koti lenyewe lilikuwa la mbele tu. Mgongoni liliachwa wazi, linafungwa kwa pini, ili limtoshe mnene na mwembamba. Kila mgombea alilivaa, wa chama hiki na wa chama kile, akakunja uso mbele ya kamera, nami nikamwekea moshi nyuma kwa kompyuta. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika bunduki. Haukupita muda kola ikawa nyeusi, na makwapa yakawa yananuka jasho la vyama vyote. Nikilitundika, nililishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeopoa panya kwenye ndoo.

Aliyechapa mabango hayo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Kwao ni ng'ambo. Alivuka daraja akiwa kijana, kazi kajifunzia hapa, kaoa hapa, na mtoto wao anayeanza kutembea kazaliwa hapa. Sasa kamati ya usalama ilikuwa imetoa amri: mtu wa ng'ambo asiyekuwa na mtu anayeheshimika wa kumsemea aondoke kabla ya Jumapili.

"Mtu anayeheshimika?" shemeji alitania. "Mimi nawajua wanaoniomba sigara tu."

Nilicheka, kwa sababu tulikuwa na Mwalimu. Alinifundisha sekondari, na sasa aligombea bila chama. Kabla ya vita nilizunguka nyumba hadi nyumba nikimwombea kura, maana ndiye pekee aliyezungumzia maji. Kwenye harusi ya dada alicheza mpaka kiatu kikamchomoka. Alituahidi kwamba Ijumaa atakuja studio apigwe picha, kisha aongozane na shemeji moja kwa moja mbele ya kamati.

Ijumaa alikuja kweli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka. Lile koti liko wapi?"

Nilidhani ananitania. "Koti gani? Wewe tumekupangia shati jeupe, na bomba la maji nyuma."

"Bomba!" Flashi akadakia huku akicheka. "Bomba la maji halipati kura siku hizi, labda liwe linarusha makombora."

Mwalimu hakucheka. "Nikitaja maji wananizomea, mwanangu. Wananiuliza, wakati wa vita wewe ulikuwa wapi? Lazima niingie kwanza. Nikishaingia, nitayasema yale yetu."

"Na shemeji je? Kamati inafunga saa kumi."

Alijifanya anatafuta kitu mfukoni. "Hilo tulisubirishe. Nikionekana leo na mtu wa ng'ambo, kesho nimekwisha. Atoke kidogo tu. Uchaguzi ukipita, nitamrudisha mimi mwenyewe."

"Atoke kidogo? Kwani anakwenda dukani?"

"Punguza sauti."

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Shemeji alitoka akifuta wino mikononi kwa kitambaa, na uso wake ulinionyesha kwamba amesikia yote. Mwalimu alikuwa ameshaingiza mikono kwenye koti, anahangaika na pini asizozifikia. Nilingoja aone haya. Hakuona. Alimpa shemeji mgongo, kama mtu aliye kwa fundi cherehani. Shemeji akafunga pini moja moja, taratibu, asije akamchoma.

"Liko sawa, Mwalimu?"

"Vuta kidogo hapo chini. Asante, shemeji yetu."

Hilo "shemeji yetu" lilinichefua kuliko makwapa ya koti.

"Na maandishi?" Flashi aliuliza.

"Weka kama ya wenzangu," alisema Mwalimu, akimtazama Flashi peke yake. "Warudi kwao. Ila herufi ziwe za kistaarabu."

Niliweka kamera mezani.

"Piga mwenyewe, bosi."

"Unaichezea kazi, wewe!"

"Inanuka."

Flashi akaichukua kamera, kisha akamgeukia shemeji bila hata kupepesa. "Bwana, kabla hujaenda huko unakokwenda, si utuchapie haya ya mwisho?"

Shemeji alivua aproni yake, akaikunja, akatoka. Nikamfuata.

Nyumbani dada alikuwa mlangoni na mtoto, amevaa gauni lake la kutokea, tayari kwa kamati. "Mwalimu yuko wapi? Kasema nini?"

"Ana kazi nyingi," shemeji alisema. "Kasema tusubiri kidogo." Akaniangalia, akiniomba kwa macho nimuunge mkono.

Ni mimi niliyelileta jina la Mwalimu katika nyumba ile, nikalisifu kila tulipokula. Na malori ya kamati yalikuwa yameshaanza kuegeshwa kwenye uwanja wa shule.

"Hatakuja, dada," nilisema. "Wala kesho hatakuja. Fungeni mizigo, mvuke kwa miguu yenu kabla hawajaja kuwapakia kama magunia. Mtoto nitambeba mimi mpaka darajani."

Dada hakulia. Alimhamisha mtoto bega, akamuuliza mumewe, "Na huko kwenu, huyo kanali atanipokea mimi?"

Shemeji alimpokea mtoto.

"Nitakutafutia mtu wa kukusemea," alisema.

Dada alimtazama, kisha akaingia ndani kutafuta begi.