Chaneli ya Wote

Twa, twa, twa. Mchi ulisikika masikioni mwa Isack kabla uwanja wa vita wa mchezo haujafunguka kwenye simu yake. Mkono ule aliujua.

"Aneth, maiki yako iko wazi," alimwambia dada yake.

"Iache, kaka. Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo."

Akaiacha. Sauti ya mchi ule ndiyo hasa iliyomwingiza mchezoni kila alasiri, akishafunga banda lake la kutengeneza simu hapa Kibondo. Tangu mama yake, Esteri, alipomwita mvivu mbele ya wageni wa posa, hakukanyaga nyumbani Kasulu wala hakumpigia simu. Aliapa kwamba mama ndiye aanze. Chumbani kwake hakuna aliyemwita kwa jina. Mchezoni aliitwa Radi, na watu asiowajua walimtii.

Vita vikapamba moto. "Radi, wako nyuma ya ghala!" Aneth alipiga kelele, na kwa haraka kidole chake kikateleza kutoka chaneli ya timu hadi chaneli ya wote, ile ambayo hata adui anasikia.

"Unamfokea nani?" mama aliuliza.

"Kaka Isack."

Mchi ukanyamaza. Kisha yakaja makofi ya polepole, ya viganja vilivyokunjwa, ambayo Muha huanza nayo salamu. Mama akamuuliza kwa Kiha ameshindaje, akangoja.

"Oya, huko kuna ngoma?" adui mmoja alicheka. "Radi, kanywe uji, mama anakuita!"

Chochote ambacho Isack angejibu kingetoka kwenye spika ya Aneth, kikanaswa na maiki yake na kuwafikia wote. Kitufe cha kuzima maiki kilikuwa chini ya kidole gumba. Lakini salamu ile haijibiwi kwa mkono mmoja. Akaiweka simu kitandani, akakunja viganja, akapiga makofi. Akajibu yote: hali, mvua, kazi. Risasi zikammaliza Radi, na kicheko kikajaa masikioni.

"Sauti yako imekonda," mama alisema.

"Nakula, mama."

"Unakula na nani?"

Isack aliangalia sufuria yake ndogo. Wenzake nao walikuwa wakisikiliza.

"Peke yangu," alisema.

Mama alishusha pumzi karibu na simu.

"Jumamosi sifungui banda, mama," Isack alisema, kwa sauti ambayo kila mtu uwanjani aliisikia. "Nakuja Kasulu."