Mwaka Ambao Paré Hakulala Barabarani

Mimi Kuka sikujaliwa subira, na mji wetu wote wa Koudougou unalijua hilo. Kwa hiyo msinishangae nikisema kwamba Alhamisi ile ya mwezi wa tatu, kwenye kikao cha chama chetu cha baiskeli, nilikuwa nimeshaamua kabla sijaketi. Mashindano yafanyike Jumapili, basi! Korona ilikuwa imeingia Wagadugu, sawa, lakini serikali ilikuwa bado haijatukataza kukusanyika, na kwetu hatukuwa tumemwona mgonjwa hata mmoja. Tena kocha wa timu ya taifa alikuwa anakuja kumtazama binti yangu Nopoko. Mtoto ana miaka kumi na tisa, na mwaka mzima wimbo wake ni mmoja: "Baba, kocha anakuja kweli?" Ningemwambia nini?

Tulikutana kibandani kwa Paré, fundi wetu. Paré ni Msamo, sisi ni Wamosi, na kati ya Msamo na Mmosi kuna utani tangu enzi za mababu. Miaka ishirini bwana huyu hajawahi kuniita kwa jina langu. Asubuhi ni "mtumwa wangu", jioni ni "mtumwa wangu", na mimi namwita mla mbwa, maisha yanaendelea. Kila mwaka siku ya mashindano hulala katikati ya barabara, mbele ya mstari wa kuanzia, kajifunika shuka kama maiti, na haondoki mpaka Wamosi tumpe kuku. Mtani akidai, unatoa. Bila kuku hakuna gurudumu linalosogea.

Siku hiyo aliketi peke yake nje, juani. Kibuyu cha zomkom, ule uji baridi wa mtama wenye tangawizi, kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Akatikisa kichwa.

"Tangu lini Msamo akakataa cha bure?" Tasere, makamu wangu, akamchokoza.

"Nisikilizeni," Paré akasema. "Jumatatu nimerudi kutoka Waga, kwa kaka yangu. Jana kaka kalazwa, pumzi inamsumbua. Mimi leo mwili unachemka. Nusu ya baiskeli zenu nimezishika wiki hii, na wenyewe mmekaa hapa mkinywa kibuyu kimoja. Ahirisheni."

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Mwaka huu anataka kuku wawili!"

"Mpeni mbuzi kabisa, afe ameshiba!"

Na mimi nilicheka, sifichi. Wiki moja kabla yake alikuwa ametutangazia kwamba ameteuliwa kuwa waziri wa mbwa, na kwamba Wamosi wote tutabeba mizigo yake. Utamwamini vipi mtu wa namna hiyo? Akakohoa. Nani hakohoi mwezi wa tatu kwetu, na vumbi lile?

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Redio ilikuwa imewatia wengine hofu, kwa hiyo watano walisema twende, watano wakasema tuahirishe. Macho yote yakanigeukia.

"Mwenyekiti?"

"Twende," nikasema.

Paré akainuka, akaenda zake bila kunitukana. Hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Nikajiambia tu, kanuna huyo, atasahau akimwona kuku.

Lakini Ijumaa sikutulia. Nilikagua matairi ya Nopoko, nikayakagua tena. Nikanawa mikono mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeshika samaki. Jumamosi nikaenda sokoni kumnunua kuku, jogoo mwekundu mwenye kelele, nikapita kwa Paré nimwonyeshe. Kibanda kimefungwa. Kibanda cha Paré hakifungwi Jumamosi, hata siku aliyooa alifungua! Nikarudi nyumbani na jogoo wangu kwapani. Nikaketi. Nikasimama. Nikaketi.

"Baba, una nini?" Nopoko akauliza.

"Sina kitu. Kalale, kesho una kazi."

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, wakati Nopoko anaelekea kwenye mstari wa kuanzia, mimi nilikuwa mlangoni kwa Paré. Mkewe, Azara, akanizuia kwa mkono, kitambaa mdomoni.

"Usiingie, shemeji. Simama dirishani. Gari la hospitali liko njiani."

Nikasimama dirishani. Paré alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha mlima kwa gia nzito. Nikamwinua jogoo aonekane.

"Wewe mla mbwa," nikasema, "njoo ulale barabarani, wenzako wanakungoja."

Hakucheka. Aliinua uso polepole.

"Kuka," akasema.

Basi. Jina langu tu, hakuwa na pumzi ya kuongeza neno. Miaka ishirini, na leo ananiita Kuka! Nikamwachia Azara jogoo, nikadandia baiskeli yangu, na sikumbuki jinsi nilivyofika kwenye mstari wa kuanzia.

Waendeshaji sitini walikuwa wamepanga mstari, bega kwa bega, wengine wametoka Waga. Kocha alikuwa ameshika saa. Tasere alikuwa na bendera mkononi.

"Mwenyekiti, kuku yuko wapi? Na yule Msamo yuko wapi?"

Nilitupa baiskeli, nikalala chali katikati ya lami, mbele ya magurudumu. Wakacheka, wakapiga makofi. Kisha kicheko kikapungua, kikafa. Mimi ni Mmosi, wao ni Wamosi. Sina utani nao. Mzee wa miaka hamsini na sita halali barabarani mbele ya ndugu zake kwa mchezo.

Gurudumu lililokuwa karibu na mbavu zangu lilikuwa la Nopoko.

"Baba, inuka." "Baba, kocha anatazama! Hapo ni mahali pa baba Paré."

"Paré hawezi kuinuka kitandani, mwanangu. Alisema kweli Alhamisi, na mimi nikacheka. Rudini majumbani, kila mtu kivyake. Kama unataka kupita, nipite juu."

Alinitazama huku machozi yanamtoka, na nikaona jinsi anavyonichukia. Kisha akashuka, akaigeuza baiskeli, akaondoka akiikokota. Tasere akakunja bendera. Mmoja mmoja wakafuata.

Nopoko hakusema nami siku nane. Tulijifungia ndani, watatu wa chama chetu wakaugua, wakapona. Jogoo wa Paré alirudishwa kwangu, akawa anawika uani saa zote, na mimi nikizunguka naye kama mwehu, simu mkononi, nikingoja habari za hospitali.

Siku ya tisa simu ikalia. Ilikuwa namba ya Azara, lakini niliyemsikia alikuwa mwanamume, anakohoa, anatafuta pumzi. Niliogopa asije akaniita tena kwa jina.

"Mtumwa," akasema. "Kuku wangu yuko wapi?"

Nikaketi chini palepale uani, nikalia kwa sauti, na Nopoko akatoka ndani mbio kuuliza kuna nini.