Kaseti ya Pikipiki

Amissi aliibadilisha kaseti ya mchezo wa pikipiki bila kumwuliza dada yake, akarudi kambini Dzaleka na kaseti ya mpira, anachekelea kama bwana harusi. Kibibi alitamani kumrarua.

"Kaka, ile ya pikipiki umepeleka wapi?"

"Lilongwe, Area 36, kwa Nahimana, ule Mrundi wa michezo. Bantu bote banaichukia, Kibibi! Ni takataka."

Takataka! Haya, tuseme kweli, ilikuwa takataka. Unabonyeza kuruka daraja lililokatika, pikipiki inafikiria kwanza, halafu inaruka ikiwa tayari mtoni. Muziki wake ni mlio wa mbu mmoja mkaidi. Watu wa kambi waliokuja kucheza kwenye televisheni ya Amissi walikuwa wakitupa chini maneti, kile kidude cha kubonyezea, na kumtukania mama yake aliyeitengeneza. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi. Kibibi alikuwa ameanguka mtoni miezi minne mizima, na wiki ileile ndipo alipovuka daraja la tatu, mtu wa kwanza kambini. Alitaka kujua kuna nini baada ya la nne. Hilo tu! Na kaka mtu amekwenda kuigawa kaseti.

Kesho yake akatia kitenge chake kipya mfukoni, akadandia lori la mahindi mpaka Lilongwe.

Alipoiona kaseti kwenye kibanda cha Nahimana roho ilimruka, lakini uso akaukunja. Kibibi ni mtoto wa wachuuzi wa Kindu, kule Kongo, na kwao kitu unachokitaka ndicho unachokitukana.

"Hii mubovu njo unauzisha?" akasema, ameishika kwa vidole viwili. "Haya, mi nitakusaidia kuiondoa. Shika kitenge."

"Chukua, dada, unaniokoa," akasema Nahimana. "Mimi hata daraja la kwanza sijavuka."

Ilikuwa imekwisha hapo. Angeshika njia yake. Lakini Kindu mtu hachukui mali bila kuijaribu mbele ya mwenye mali, atachekwa na ukoo mzima. "Weka kwanza tuone kama inawaka," akasema. Mdomo huo!

Ikawaka. Mikono ya Kibibi ikasahau kilichomleta. Daraja la kwanza, la pili. Nahimana akaacha kukunja kitenge, akasogea. La tatu!

"Woyooo!" Kibibi akaruka mpaka benchi likapinduka, na pikipiki ikatumbukia mtoni kwenye la nne.

"Kumbe inavukika," akasema Nahimana polepole. Akamrudishia kitenge. "Dada, unisamehe. Siuzi tena."

"We! Si tulishapatana?"

"Tulipatana takataka. Hii si takataka."

Kibibi aliomba, akatukana, akaongeza na kilemba alichovaa. Wapi! Mwanamume alishakaa na maneti mkononi. Kibibi akasimama mlangoni, machozi ya hasira yanamchoma, akaapa kwamba huyu mjinga hatapata neno lake hata moja.

Nahimana akaanguka kwenye daraja la kwanza. Akaanguka tena. Mara ya tatu akaibonyezea palepale ukingoni, kama wapumbavu wote.

"Bonyeza mbele ya kufika, haujafika bado, we punda!" Kibibi akapiga kelele, huku anarudi ndani. "Mbele! Iko inachelewa, haujaona iko inachelewa?"