Msumeno Uliobanwa na Mwaloni

Vumbi la udongo lilipoingia kwenye chai yake, Hester Garrod alijua jirani ameanza.

Nyumba ile ya nguzo za mwaloni, fito na udongo, ilikuwa moja kwa karne tatu, mpaka mwenye nyumba mmoja mwenye tamaa akaigawa nyumba mbili kwa ukuta wa mbao nyembamba apate wapangaji wawili. Upande wa pili sasa alikaa Crispin Tolley, mtu wa London, mrefu kama mlingoti, aliyeununua upande huo kwa kupenda ukale. Na ukale wenyewe akaanza kuusahihisha. Mbao zilizokuwa na rangi ya majivu akazipaka nyeusi tii. Nje akapiga saruji juu ya udongo, ukuta ukakosa pumzi. Ndani akabandika maboriti ya plastiki, yenye vishimo vya wadudu vilivyotobolewa kiwandani kwa usawa mzuri kabisa.

Hayo Hester aliyavumilia. Leo aliweka kikombe chini, akajifunga skafu, akazunguka, akapanda ngazi za Tolley. Akamkuta amebandua mbao za sakafu ya juu, kapiga magoti, msumeno umeshazama nusu ndani ya boriti kuu.

"Bwana Tolley, unakata nini?"

"Boriti, Bi Garrod. Huko chini nimeigonga kwa kichwa mara tisa tangu Pasaka. Naondoa kipande tu, huku kwangu."

"Kwako wapi? Imeanzia kwenye dohani lako, inaishia jikoni kwangu. Ule ukuta wa katikati haubebi hata kalenda. Ukiikata, kitanda changu kinalala jikoni."

"Fundi wangu alisema haina shida."

"Yule aliyekuuzia plastiki?"

Tolley akacheka kidogo, akavuta msumeno. Mwaloni ukaguna. Sakafu ikashuka upana wa kidole, na mpasuko ukaung'ata msumeno. Akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, uso umemwiva.

"Na hiyo sakafu uliyopigia magoti," Hester akasema taratibu, "unadhani imebebwa na nini?"

Tolley akatazama magoti yake.

"Niutoe?"

"Uache hapo hapo. Katika yote uliyoweka humu, huo peke yake ndio unaoshika kitu. Shuka polepole, upite kando ya ukuta."

Jioni ile seremala wa kijiji alikuja na magogo ya kuegemeza, na kwa wiki mbili akaunga boriti kwa kipande cha mwaloni. Ncha ya msumeno ilibaki humo.

"Na kichwa changu je, Bi Garrod?" Tolley akauliza.

"Waliokutangulia nao walikuwa na vichwa. Walichimba sakafu ya chini ikashuka, hawakukata juu. Wewe ulimwaga zege na kupanga vigae, ukafukia kazi yao."

Basi akachimba. Siku tisa alivunja vigae vyake vipya na zege lake mwenyewe. Hester alikuwa akisikia sururu kutoka jikoni kwake, akinywa chai isiyo na vumbi.