Mpasuko wa Mkono Mzima

Kwenye mlango wa banda la uwanja wa ndege, hapa Kisangani, serikali ilikuwa imepigilia karatasi kwa misumari minne. Ilisema mwenye ndege ndogo anaruhusiwa kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: kubadili mafuta, kusafisha plagi, kuziba kitambaa cha bawa kilichopasuka, mradi mpasuko usizidi kiganja. Ukizidi, ndege ilale mpaka mkaguzi aje kutoka Léopoldville. Kila kazi iandikwe daftarini, na mwenye ndege atie sahihi.

Mikono ya Monsieur Emile, mwenye ndege, haikuwahi kugusa hata plagi moja. Aliyefanya kazi zote ni baba yangu, Papa Timothée, mvuvi wa maporomoko ya mto, aliyejua kushona nyavu kabla ya kujua kusoma. Mimi nilikuwa nimetoka kwa masista na diploma ya ualimu, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, kila Jumamosi nilijaza lile daftari. Monsieur alitia sahihi bila kusoma. Miaka miwili tulikwenda hivyo, tumechoka sote na ndege ile iliyonizidi umri.

Jumamosi moja ya mwaka 1956 Monsieur aliiingiza bandani kwa haraka, bawa la kushoto likapasuliwa na nguzo. Papa alilishona tangu asubuhi mpaka saa nane, kwa fundo la wavu, akapaka vanishi. Nilipima mshono kwa mkono wangu: kutoka begani mpaka ncha ya kidole.

"Andika kiganja," alisema Monsieur Emile. "Jumatatu ninaruka kwenda Yahuma. Timothée atakaa nyuma kama kawaida. Takataka hii ikiharibika kule, nani ataitengeneza?"

Akaenda kunywa kahawa.

"Andika, mutoto," alisema Papa, ameketi juu ya pipa, macho amefumba. "Fundo yangu inashika samaki ya kilo makumi tatu."

"Fundo sina shaka nalo, Papa. Kitambaa je?"

Alikisugua kati ya vidole viwili.

"Kitambaa iko muzee. Sawa na mimi. Bon, andika, tuende tukule."

Niliandika kwa Kifaransa safi: mpasuko wa mkono mzima, umeshonwa na Timothée, mwenye ndege hakugusa. Monsieur alirudi na kikombe chake, akatia sahihi chini, akapiga miayo.

Jumatatu karani wa uwanja alisoma daftari. Akasoma tena. Kisha akafunga magurudumu ya ndege kwa mnyororo.

Saa nne Monsieur Emile alikuwa mlangoni kwetu, mtaa wa Tshopo, uso mwekundu. Papa alisimama kando yake, begi la safari bado mkononi.

"Huyu binti aende uwanjani aombe radhi, aseme alikosea kupima. Asipokwenda, Timothée, kesho usije kazini."

Papa aliweka begi chini, polepole, kama lina mawe.

"Viviane, sema tu pardon. Neno moja. Niko muchovu, mama."

"Papa, ni wewe ungekaa nyuma."

"Nilijua."

"Na ungepanda?"

Alitazama viatu vyake. "Mara ngapi nimepanda."

Nilimgeukia Monsieur Emile.

"Nilipima vizuri," nilimwambia. "Siombi radhi."